Pua Ikibonyea, Shika Sikio

Juzi alikuja hapa kwangu Mbamba Bay kijana mmoja, tabibu mpya wa zahanati ya jirani, koti lake bado lina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, Bibi," akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye Bibi Pua."

"Marahaba. Kaa hapo. Na huyo aliyekuambia, mwambie nilibatizwa Agatha."

Aliona haya mpaka nikamhurumia. Ukweli ni kwamba jina hilo silichukii hata kidogo. Nimefanya utabibu tangu ujana wangu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, huku ziwani na kule juu Umatengoni, na kama watu wameamua kunikumbuka kwa pua, mimi nimeridhika. Wapo wenzangu wanaokumbukwa kwa ukali wao tu.

Kijana alikuwa na mgonjwa ambaye mgongo wa pua umezama katikati. Alitaka kumwandikia ukoma. Nikamuuliza, "Masikio yake umeyashika?"

Akanitazama kana kwamba uzee umenichanganya. "Bibi, tatizo lake ni pua."

Haya. Najua hayuko peke yake, kwa hiyo nasema na nyote mlioingia kazini juzijuzi. Wekeni simu chini. Au hapana, zishikeni, zina tochi na nitaihitaji mbele kidogo.

Jishike pua, wewe mwenyewe. Usicheke, jishike. Huko juu kati ya macho ni kugumu, huo ni mfupa. Shuka kidogo, inaanza kucheza chini ya kidole. Hiyo ni gegedu, ile ile mnayoitafuna kwenye kidari cha kuku. Gegedu ikiliwa na ugonjwa, mgongo wa pua unashuka. Sasa panda kwenye sikio. Sehemu yote inayokunjika na kurudi ni gegedu vilevile. Shuka mpaka chini kabisa, pale wanawake tunapotoboa kwa ajili ya hereni. Hiyo ni ndewe, na ndewe haina gegedu. Ni nyama laini tu. Likamateni hilo vizuri, maana sifa zangu zote zilitokea hapo.

Aliyenifundisha kushika watu alikuwa mfunga vidonda, enzi zile tukimwita dresa, Mzee Ndunguru. Mwenyewe aliwahi kuugua ukoma akapona, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimebaki vifupi. Nilipofika kwake nikiwa msichana mbichi kutoka chuoni, nilisimama mbali na wagonjwa, nauliza maswali kwa sauti kama nahutubia mkutano. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Agatha, umemuuliza vizuri sana. Sasa nenda ukamsalimie." Nikasema nimeshamsalimia. "Kwa mdomo," akasema. "Huyu mtu hajashikwa mkono tangu mwaka jana."

Kwake nilijifunza ukoma kwa vidole. Mgonjwa afumbe macho, umpitishie unyoya wa kuku juu ya baka, akuonyeshe ulipomgusa. Asipojua ulipo, hapo pamekufa ganzi. Pita nyuma ya kiwiko, utafute mshipa wa fahamu, uone kama umenenepa. Halafu ndewe. Ukoma ukikomaa unapenda sana ndewe, unaifanya nene, ina vinundu. Mzee Ndunguru alikuwa anaminya ndewe za watu huku akiwauliza habari za shamba, wao wakidhani anawatania. Mimi nilimwiga mpaka mkono ukazoea wenyewe. Kanisani nilikuwa nikitakiana amani na watu macho yananiponyoka yanakwenda masikioni.

Basi pua ikibonyea, huku kwetu kila mtu anataja ukoma kwanza. Siwalaumu, wazee wetu waliuona. Na ninyi pia anzeni na magonjwa ya vijidudu: ukoma, kaswende iliyokaa muda mrefu, kifua kikuu kilichopanda puani. Pimeni, msikisie. Mkishayaondoa hayo, yanabaki mawili yanayosumbua vichwa, na yote mawili ni ya kinga ya mwili kugeuka. Askari wa nyumba wanaanza kuipiga nyumba yenyewe. Moja linapiga gegedu. La pili linapiga mishipa midogo ya damu. Majina yao ya kidaktari ni marefu, mtayasoma wenyewe, mimi nawapa sura zao. Pua utaikuta imebonyea vilevile kwa yote mawili, ndiyo maana ukiitazama pua peke yake, umekwisha.

Lile la mishipa nililiona kwa mwalimu mmoja wa Kingerikiti. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, amepangiwa kazi huku, mtu mpole anayependa watoto. Pua yake ilikuwa imeziba muda mrefu, inatoa magamba makavu yenye damu, na masikio yamekuwa mazito, wanafunzi wanamjibu yeye hasikii. Shuleni wote walishakubaliana kwamba ni vumbi la chaki. Mwalimu mkuu akamwambia afunge kitambaa anapoandika ubaoni. Mwalimu wa watu anafundisha amejifunga usoni kama mwizi, na pua inazidi kushuka.

Nilimwekea tochi tundu la kulia, mwanga ukatokea tundu la kushoto. Ukuta wa katikati ulikuwa umetoboka! Masikio kwa nje hayakuwa na kitu, si uvimbe wala maumivu, shida ilikuwa ndani. Nikamuuliza kama anakohoa damu, akasema mara chache. Nikampa kikopo alete mkojo. Akashangaa, "Tabibu, naumwa pua, unanitaka mkojo?" Nikamwambia alete tu, hatutabishana. Kijiti cha kupimia kikabadilika rangi pale pale: damu na protini. Figo zilikuwa zimeanza kuguswa, na yeye hana habari, hasikii maumivu yoyote. Nilimpeleka hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Damu yake ilipelekwa kupimwa mbali, akapewa dawa nzito, akapona vya kutosha kurudi darasani. Mpaka leo akinipigia simu ananiita "mama wa mkojo." Jina la tatu hilo. Nayapokea yote.

Sasa la gegedu. Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Wakati huo nilikuwa kituo cha afya kule juu, sijabakiza muda mrefu nistaafu. Akaja mwanamke amejifunika khanga mpaka machoni. Jina lake Tekla, binti wa Kihagara huku kwetu ufukweni, ameolewa Ukata na kijana anayeitwa Longinus. Nilipomfunua, pua imezama. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, inatoka kwa shida.

"Tabibu, nataka nijue kabla ya Jumapili," akasema.

"Jumapili kuna nini?"

"Ukoo unakaa. Wanasema nina ukoma. Nirudi kwa mama yangu Kihagara, na Daudi abaki kwao." Daudi alikuwa mwanawe, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, amelala mgongoni pale pale.

"Na Longinus anasemaje?"

"Longinus anatazama chini."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Lakini hasira haipimi mgonjwa. Nikaanza juu kwenda chini. Unyoya: kila nilipomgusa alionyesha. Hana baka, hana ganzi, mishipa ya fahamu iko sawa. Nikashika masikio, akaruka.

"Yanauma tangu lini?"

"Yanakuja na kuondoka. Yanavimba, yanawaka moto, siwezi kuyalalia. Mama mkwe akasema ni hereni za bandia nilizonunua mjini Mbinga. Nikazivua, yakapoa. Yakarudi tena na hereni sina." Akatabasamu kidogo. "Longinus alikwenda kumgombeza mwenye duka. Yule mzee akamjibu, hereni zake zimevaliwa na nusu ya wanawake wa Mbinga na hakuna aliyeanguka pua."

Mwenye duka alikuwa na haki yake. Tazameni hapa, wajukuu zangu. Hereni ingekuwa na kosa, ndewe ndiyo ingevimba kwanza, maana ndiyo yenye tundu. Ukoma ungekuwepo, ndewe ingenenepa. Nilizishika ndewe za Tekla, zote mbili laini, hazimuumi, matundu safi. Juu yake sikio zima lilikuwa limeiva, limeanza kulegea na kuinama. Ugonjwa ulikuwa umekula kote penye gegedu, ulipofika kwenye ndewe umesimama, kwa sababu pale hapana chakula chake. Jamani, nilisikia raha! Nilikuwa nimelisoma hilo, nimelisikia kwa wakubwa, na sasa liko kati ya vidole vyangu viwili.

Nikawasha tochi. Ndani ya pua ni safi, hakuna magamba, ukuta mzima. Nikiuminya mgongo wa pua anasikia maumivu. Mkojo haukuwa na kitu. Kaswende hana, makohozi safi. Viungo vya mikono vinamuuma asubuhi, na jicho moja jekundu. Kila kitu kikakaa mahali pake.

"Tekla," nikamwambia, "siyo ukoma."

Akaanza kulia kwa furaha. Nikamkatisha. "Ngoja, usishangilie bado." Nilikuwa nimemgusa koo. Koromeo nalo ni gegedu, na bomba la hewa limeshikiliwa na gegedu kama pete. Nilipoligusa alikunja uso, na akivuta pumzi kwa nguvu nasikia mluzi. Pua iliyobonyea haiui mtu, lakini bomba la hewa likibonyea, mtu hana siku nyingi. Nikampigia simu daktari bingwa wa hospitali ya rufaa, nikamweleza sikio, pua, koo na mkojo. Akasema, "Mwanzishie prednisolone leo, kisha nitumie haraka. Usiache alale kijijini bila dawa." Nikampa dozi ya kwanza pale pale, vidonge vya kuituliza hiyo kinga iliyogeuka.

"Unakwenda kesho," nikamwambia.

"Siendi." Akamshika mtoto miguu. "Nikiondoka kabla ya Jumapili watasema nimekimbia mwenyewe. Nikirudi, Daudi si wangu tena."

Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamtisha. Wapi! Mwanamke yule alikuwa tayari kufa kwa kukosa hewa kuliko kumwacha mtoto. Nikaona hapa dawa peke yake haitoshi. Nikapanda pikipiki, na umri wangu ule, nikaenda Ukata kwa baba mkwe wake, Mzee Kinunda, kuomba ukoo ukae kesho yake badala ya Jumapili.

Ninyi mliotoka mikoa mingine pengine hamjui sengu. Wamatengo zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kila siku, kila nyumba inaleta chakula chake mahali pamoja, na wakishanawa wanazungumza mambo yao. Siku hizi wengi wameacha. Kwa Mzee Kinunda ilikuwa bado: likija jambo zito, ukoo unakaa, unakula, unaamua, na kinachoamuliwa hapo hakuna wa kukipinga. Mzee Kinunda alinisikiliza, akakubali ukoo ukae kesho. Lakini aliponiambia nibaki kituoni nisubiri jibu, nikamwambia hapana. Mtamjadili mgonjwa wangu nami niwepo.

Nikakaribishwa, nikapewa kigoda pembeni. Ugali na maharage vililetwa. Tekla alikuwa ameketi kule mbali kwenye ngazi ya nyumba, ana sahani yake ya peke yake, mama mkwe amempokonya Daudi amemkalisha mapajani. Nikanawa, nikachukua mboga yangu, nikaenda kuketi na Tekla nikala naye sahani ile ile. Mikono yote ilisimama hewani.

Tulipomaliza Mzee Kinunda akasema, "Tabibu, tunakuheshimu. Tuambie neno moja tu. Ni ukoma au siyo ukoma?"

"Siyo ukoma," nikasema. "Na ungekuwa ukoma, baba, ningewaambia apewe dawa na ale na ninyi, maana mtu akishaanza dawa za ukoma haambukizi. Lakini huyu hana ukoma."

"Na pua?" akauliza mmoja. "Pua tunaiona."

"Mnaiona pua. Sikio hamjalishika." Nikawaambia wajishike masikio. Wazee wazima, wenye kofia zao, wakajishika masikio, na watoto wakacheka mpaka wakafukuzwa. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi: hapa kugumu, hapa laini, ukoma unapenda palipo laini. Lakini maneno ni maneno. Baba mkwe hawezi kumshika mkwewe sikio, haijuzu. Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, njoo wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyelala naye jikoni alipojifungua. Njoo umshike."

Hakuinuka haraka. Akampa mtu mtoto, akajifuta mikono kwenye khanga, akaja pole pole. Tekla akafumba macho. Yule mama akashika ndewe kwa ncha za vidole, kama mtu anayeonja moto wa chungu. Akaiminya. Akashika na ya pili. Kisha akapanda juu kidogo, Tekla akatoa sauti ya maumivu, na mama akauondoa mkono kwa mshtuko.

"Inakuuma hivi siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Na mimi nikasema hereni," akasema. Akaurudisha mkono, safari hii kiganja chote, akaufunika upande ule wa kichwa na kuuacha pale. Alikuwa analia wazi mbele ya wanaume. "Mbona hukuniambia inauma hivi, mwanangu?"

"Nilikuambia," akasema Tekla kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Ulikuwa umekaa mbali."

Mzee Kinunda akaisukuma sahani yake kando. Kisha akauliza jambo moja tu: "Nani anamsindikiza hospitali?"

"Mimi," akasema mama mkwe, kabla Longinus hajafungua mdomo. "Na Daudi anakwenda na mama yake, bado ananyonya."

Wakaondoka siku hiyo hiyo. Kule bingwa alikata kipande kidogo cha sikio kukipima, wakampiga picha za bomba la hewa, wakakuta limeanza kuwa jembamba. Aliponipigia simu alisema, "Tabibu Agatha, ni gegedu kama ulivyosema. Angechelewa kidogo tungekuwa tunatoboa koo, au tunazika." Nilikuwa peke yangu chumba cha sindano. Nilicheza. Ndiyo, nilicheza, na muuguzi akanikuta, na sikuacha. Hamtalipwa sana kazi hii, wajukuu zangu, kwa hiyo siku ikija ya kucheza, chezeni.

Lakini nisiwadanganye. Pua haikurudi. Gegedu ikishaliwa imeliwa, dawa inazima moto tu, na dawa zenyewe Tekla anazinywa mpaka leo kwa kupimwa mara kwa mara. Tena msiwe wepesi wa kugawa prednisolone kwa kila pua mnayoiona. Mkimpa mwenye kifua kikuu bila kujua, mmemmaliza. Yule wa mishipa naye anahitaji dawa nyingine pamoja nayo, hiyo peke yake haitoshi. Ndiyo maana tunahangaika kutofautisha. Si ufundi wa kujionyesha.

Muda umepita nikapanda tena Ukata, sina kazi ya kituo tena, nimekwenda tu kuwasalimia. Ile milima mnaijua. Njia inazunguka bonde zima, nyumba unaiona upande wa pili lakini kuifikia ni kazi. Nikachoka, nikakaa kando ya shamba la kahawa. Kutoka kule nyumbani nikamsikia mama mkwe anaita, anaivuta sauti ivuke bonde: "Teeeklaaa! Njoo na mtoto, tunakungoja tule!"

Na juu yangu, kutoka mashimo ya ngolo, yale Wamatengo wanayochimba kulimia mteremkoni, sauti ya mwanamke ikajibu. Nzima, nene, haina mkwaruzo, ikapita juu ya kichwa changu na kwenda kugonga mlima wa pili:

"Nakujaaa, mama!"